Damu ya Kitovu

1

Ua la vanila hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya adhuhuri, na asiyelichavusha asubuhi hiyo amelipoteza. Kwa hiyo polisi walipoingia shambani, Muganyizi aliwaomba wamwache amalize mstari.

Aliwaomba kwa adabu, kijiti cha kuchavushia kikiwa kati ya vidole viwili, kama mtu anayemwomba mgeni asubiri chai ichemke. Alidhani wamekuja kwa ule mzozo wa mfereji. Mama yake, Ma Eustokia, alikuwa mstari wa pili, na yeye hakudhani hivyo. Alimwona afisa wa kike mwenye nyota begani akiwatazama wenzake wawili, akilitazama jua, kisha akisema, "Malizia." Polisi wa mfereji hawangoji mtu amalize kitu.

Basi wakasimama wakimtazama akifanya kazi. Alilishika kila ua kwa vidole, akaupasua utando kwa kijiti, akabana dume juu ya jike, akaliacha, akaenda kwa lingine. Mti wa mwisho aliuzunguka mara mbili kuhakikisha hakuna ua aliloliruka. Kisha akafuta mikono kwenye suruali na kuwageukia.

"Muganyizi Byabato," afisa alisema, "mimi ni Inspekta Nyamizi wa Kitengo cha Kesi za Zamani. Nakukamata kwa mauaji ya Kokugonza Ishengoma."

Jina lile lilikuwa halijatamkwa kwa sauti shambani mle kwa miaka mingi. Kokugonza alikuwa mpimaji wa vanila katika ghala la ushirika, binti mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi, aliyewarudishia wakulima maganda mabichi huku akiwaambia hata mbuzi wao angeyakataa. Alikutwa ghalani amepigwa kichwani kwa jiwe la mizani, kioo cha dirisha kimevunjika. Muuaji hakupatikana. Tangu hapo ghala lilihamishwa, barabara ikawekwa lami, magari yakaanza kujiendesha yenyewe, na kijiji cha Rwamishanga kikakubaliana bila kikao kwamba aliyeua alikuwa mpita njia.

Muganyizi hakupiga kelele. Alisema wamekosea. Akasema tena, mara ya pili kwa sauti ndogo zaidi, na akamtazama mama yake kana kwamba yeye ndiye ajuaye kosa lilipo. Enzi hizo alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, akipeleka vanila ya nyumbani ghalani kama vijana wote wa kijiji. Hilo Inspekta alilijua tayari, na hakulisema kama jambo la kumsaidia.

Gari lilipoondoka, Ma Eustokia alimwona Ta Ishengoma, baba yake Kokugonza, amesimama upande wa pili wa uzio wa minyaa. Mashamba yao yalipakana. Mzee huyu hakuwahi hata siku moja kupita pale bila salamu ndefu, ya wewe na kuku wako na mgongo wako. Siku hiyo hakusalimu.

"Eustokia," alisema, bila Ma. "Ulijua?"

"Sikujua, Ta."

Alimtazama kwa muda. "Nimekula kwako," akasema, akaenda zake.

2

Inspekta Nyamizi alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, mwanamke wa maneno machache na subira nyingi. Kituoni alimpa Ma Eustokia kiti na maji, akamweleza kila kitu bila kumficha, kwa sababu aliamini kwamba mama akiuelewa ushahidi, atamsaidia mwanawe kukiri.

Zamani, alieleza, damu iliyozeeka ilikuwa kama kitabu kilicholowa mvua: kurasa zimegandana, na anayezibandua anazichana. Maabara za wakati ule zilijaribu, zikashindwa, zikarudisha vielelezo ndani ya bahasha. Sasa kulikuwa na Pambanuzi. Mashine hiyo haikuhangaika na kurasa. Iliokota herufi moja moja, hata zikiwa zimechanganyika za watu kumi, na kumrudishia kila mtu zake. Ikishampata mtu, inamtafuta kwenye Sajili ya Damu, ambamo kila mwananchi aliweka tone lake siku alipojiandikisha bima ya afya.

Ma Eustokia aliikumbuka siku hiyo. Waliambiwa tone ni la matibabu tu. Baadaye sheria ikaongezwa kipengele cha kutambua maiti za ajali, na watu wakashukuru. Kisha kikaongezwa cha mauaji, na nani mwenye akili timamu angesimama kukipinga hicho?

"Kwenye kioo cha dirisha kulikuwa na damu isiyo ya marehemu," Inspekta alisema. "Pambanuzi inasema ni ya Muganyizi. Tumempima upya jana, jibu ni lile lile. Si ya ndugu yake, si ya binamu yake. Ana pacha?"

"Nimezaa mara moja, mtoto mmoja."

"Nilijua. Lakini ilinibidi niulize." Akasogeza kiti. "Hakuwa peke yake, mama. Marehemu alikuwa ameshika nywele kiganjani, zimeng'olewa na mizizi yake. Hizo ni za mwanamume mwingine kabisa, naye hayumo kwenye Sajili. Walikuwa wawili. Mmoja alikatwa na kioo, mwingine alivutwa nywele. Mwanao amtaje huyo wa pili, nami nitazungumza na mwendesha mashtaka kuhusu adhabu. Asipomtaja, atabeba mzigo wote."

Ma Eustokia aliinua glasi na kunywa maji taratibu, kwa sababu mtu anayekunywa maji haulizwi kitu.

"Huyo wa nywele," alisema alipomaliza, "damu yake hamkuiona?"

"Hapana."

"Na nywele za mwanangu?"

"Nazo hapana. Kwa nini?"

"Nauliza tu, mwanangu."

Lakini alikwisha kujua. Maabara ilihesabu watu wawili. Yeye alimjua mtu mmoja, ambaye nywele zake ni zake na damu yake si yake.

3

Mwaka alipojifungua Muganyizi, hospitali ya jirani ilikuwa inawaomba wazazi damu ya kitovu. Mtoto akishazaliwa na kitovu kukatwa, damu inayobaki upande wa kondo haina kazi tena kwa mama wala kwa mtoto, lakini ndani yake zimo mbegu za kutengeneza damu mpya. Zikipandwa kwa mtoto mwenye sikoseli, baada ya miezi kadhaa uboho wake unaacha kutengeneza damu mbovu na kuanza kutengeneza damu ya aliyempa. Ngozi inabaki yake, nywele zinabaki zake. Damu inakuwa ya mwingine mpaka siku atakapokufa.

Ma Eustokia alitia sahihi akiwa bado na uchungu wa uzazi, bila kumuuliza mumewe. Angemuuliza angekatazwa. Kwa watu wa mumewe, kondo na kitovu cha mtoto huzikwa shinani mwa mgomba, na mtoto ambaye vitu vyake vimekwenda kwingine ni mtoto asiye na kibanja, shamba la ukoo. Kondo alipewa, akalileta nyumbani, likazikwa inavyotakiwa. Hakuna aliyeuliza kama lilikuwa na damu ndani yake.

Jina la mpokeaji lilikuwa siri kwa sheria. Lakini siri ya hospitali ndogo ni siri ya watu wote waliomo. Jioni ya pili mwanamke mmoja mrefu alikuja kitandani kwake, akapiga magoti. Alikuwa Leokadia, wa kijiji cha jirani. Mwanawe Respicius, mwenye miaka mitano, alikuwa wodi ya watoto, akilia usiku na mchana kwa maumivu ya mifupa.

Wahaya walikuwa na mkago. Watu wawili wasio ndugu walichanjana karibu na kitovu, kila mmoja akachovya buni kwenye damu ya mwenzake, akaitafuna na kuimeza, na tangu hapo wakawa ndugu kuliko ndugu. Wamisionari waliukemea, ukimwi ukaumalizia. Lakini wanawake wale wawili, Eustokia mwalimu na Leokadia karani wa mahakama ya mwanzo, waliona kwamba jambo lililowapata halina jina jingine. Leokadia alikuwa na kahawa ya kutafuna kwenye mkoba, kama mwanamke yeyote wa kwao. Walichomana vidole kwa sindano ya kupimia sukari. Kila mmoja aliapa juu ya mtoto wa mwenzake: wako ni wangu, simkani, simfichui, simtoi. Atakayevunja, buni imwotee tumboni.

Respicius alipona. Alikuwa akija kwa Ma Eusto sikukuu zote, akila kuliko mwenye nyumba, na Muganyizi akamjua kama mtoto wa rafiki ya mama. Zaidi ya hapo hakuambiwa, kwanza kwa sababu ya baba yake, na baba alipokufa, kwa sababu ya mazoea.

Maana ya damu ile Ma Eustokia aliielewa vizuri mwaka wa Sajili. Respicius alikuja nyumbani anacheka mpaka anajishika mbavu.

"Ma Eusto, kompyuta inasema mimi ni Muga."

Serikali ilikuwa inasaka wanachama hewa, wale waliojiandikisha mara mbili ili wapate dawa mara mbili. Tone lolote lililofanana na jingine lilihesabiwa la mtu hewa na kufutwa. Muganyizi alikuwa ametangulia kujiandikisha, kwa hiyo Respicius ndiye aliyekuwa hewa. Alitakiwa aende mkoani na barua ya hospitali. Hakwenda. Alisema yeye ni mzima, bima ya nini. Ma Eustokia alicheka pamoja naye na kumwongezea ndizi.

Sasa alitembea kutoka kituoni na mambo hayo yote kifuani. Karibu na nyumbani alimwona Ta Ishengoma anakuja kwa mbali, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe pale, aliacha njia na kupita migombani. Mzee angemuuliza tena lile swali. Safari hii asingekuwa na jibu.

4

Rumande waliruhusu mazungumzo mafupi kupitia kioo. Muganyizi alikuwa amekonda usoni. Aliuliza habari za maua, akaambiwa vijana wa jirani wanachavusha, akauliza kama wanajua kutobana sana.

Kisha akaanza kueleza, macho yakiwa mezani, kwamba Inspekta alimwonyesha mchoro wa Pambanuzi. Alikuwa ameusoma mstari kwa mstari. Mashine haikuwa na chuki naye, haikumjua hata jina, na bado ilimchagua yeye kati ya nchi nzima. Alikuwa amejaribu kukumbuka juma lile la mauaji, akakuta halikumbukiki. Mtu gani anakumbuka alichofanya Jumanne fulani akiwa na miaka kumi na saba?

"Damu ni yangu, Mama. Hilo siwezi kulikana. Nimeanza kujiuliza kama nilifanya nikasahau."

"Hukufanya."

"Wanataka jina la wa pili. Nimefikiria kumtaja Projestus. Tulikuwa tunatembea wote siku zile, na amekwisha kufa. Hatadhurika."

"Ana mama," alisema Ma Eustokia. "Utamwacha mama yake na nini?"

Muganyizi alijifuta uso. "Basi niambie wewe. Unajuaje sikufanya?"

Hapo ndipo mahali pa kusema palipokuwa. Palikuja mbele yake wazi kabisa, kama mlango, na askari wa zamu alikuwa anatazama pembeni. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Alifungua mdomo, akamwona mtoto wa miaka mitano akikimbia kwa mara ya kwanza kwenye ujia wa hospitali, akianguka, akiinuka bila kulia.

"Nimekuzaa," alisema.

"Mahakama haipokei hiyo, Mama."

Askari akagonga meza. Muda umekwisha.

5

Leokadia alikuwa uani anamenya ndizi. Siku hizi alimenya polepole, vidole vimepinda. Ma Eustokia alivuta kigoda, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya naye, kwa sababu habari kama ile haisemwi mikono ikiwa mitupu. Alisimulia tangu mwanzo: damu kwenye kioo, nywele kiganjani, watu wawili wa maabara. Hakulitaja jina la mtu. Leokadia aliendelea kumenya. Alikuwa amemlea mgonjwa wa sikoseli; mambo ya damu hakuhitaji kufundishwa.

"Uliapa," alisema hatimaye.

"Niliapa."

"Basi. Mkago hautapikwi."

Walikuwa wamefika hapo Respicius alipoingia. Alikuwa fundi wa majokofu ya jua, mtu mnene, mcheshi, ambaye kila siku alimsalimia Ma Eusto kwa kumuuliza kama amepata mchumba. Aliwaona, akaangalia visu, akaangalia nyuso, na utani ukamkauka mdomoni. Alikaa chini ardhini. Ma Eustokia alimuuliza swali moja tu, kama ni yeye, naye akajibu kana kwamba alikuwa ameshika jibu hilo mkononi muda wote akisubiri mtu aje alichukue.

Alikuwa mpakiaji pale ghalani. Alikuwa akificha maganda ya vanila ndani ya shati, machache machache, mwaka ambao kilo moja ya vanila ilinunua pikipiki. Kokugonza alimkamata, akamshika nywele, akamwambia twende kwa mwenyekiti. Hakumtukana, hakumpiga. Alimshika tu nywele na kumvuta, kama unavyomvuta mtoto. Jiwe la mizani lilikuwa karibu. Alivunja kioo baadaye ili ionekane ni wezi wa nje.

"Nilikuwa nawangoja, Ma. Miaka yote hii, kila gari likisimama. Walipomchukua Muga nikasema labda Mungu amepanga vingine."

Kisu cha Leokadia kilisimama.

Respicius akaharakisha maneno. Alisema Muga atatoka tu, kwani wanamtaka mtu wa pili ambaye hayupo. Kesi itakufa yenyewe. Alisema tangu siku ile hajawahi kuchukua cha mtu, na hilo, Ma Eustokia alijua, lilikuwa kweli. Alisema, "Nina watoto watatu."

"Na mimi nina wawili," Ma Eustokia alisema. "Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwao."

"Eusto," Leokadia alisema kwa sauti ya kuonya.

"Sikuja kukitapika kitu, Leokadia. Nakuuliza tu, wewe uliyefanya kazi mahakamani. Nilisema wako ni wangu. Wewe ulisemaje?"

"Wako ni wangu."

"Basi wako mmoja yuko rumande anataka kumsingizia rafiki yake aliyekufa, na wako mwingine ndiye aliyemwacha humo. Hapo nani amemtoa nani?"

Leokadia aliokota ganda la ndizi, akalitazama pande zote mbili, akaliweka chini.

Respicius alisema ataenda mwenyewe, kesho asubuhi, akishawaaga watoto. Alilia kidogo aliposema hivyo. Ma Eustokia alimwekea mkono kichwani na kumwambia vema, mwanangu. Alimwamini. Mtu mwingine yeyote angemtilia shaka.

6

Asubuhi Ma Eustokia alivaa nguo ya kanisani na kukaa kibarazani kumngoja. Aliyekuja ni Leokadia, peke yake, kwa miguu, viatu vikiwa na umande.

"Ameondoka," alisema. "Kitanda kilikuwa baridi nilipoamka. Simu ameiacha. Watoto hakuwaaga."

Ma Eustokia alikuwa amelikabili jambo hili tangu siku ile ya kituoni: akisema, amemtoa mtoto ambaye aliapa kutomtoa, akinyamaza, amemtoa mwanawe wa kumzaa. Wapo wangemwambia kiapo cha buni ni ushirikina na aende zake polisi. Lakini yeye hakuogopa tumbo. Aliogopa kuwa mtu ambaye neno lake linadumu mpaka siku litakapomgharimu, basi.

"Siwezi," alisema. "Nimejaribu kulitamka jina hata chumbani peke yangu. Halitoki."

"Hutalitamka wewe." Leokadia alikuwa bado amesimama, amekataa kiti. "Nimelifikiria swali lako. Wewe uliapa juu ya wa kwangu. Mimi sikuapa juu ya wa kwangu, nilimzaa tu. Niliapa juu ya Muganyizi. Simkani, simtoi. Nikikaa kimya leo, mimi ndiye nimevunja." Akavuta pumzi. "Vaa viatu. Siwezi kwenda peke yangu, nitarudi njiani."

Wakaenda. Kwenye uzio Ta Ishengoma alikuwa anafunga kamba za mbuzi. Safari hii Ma Eustokia hakukwepa. Alisimama, akamwamkia, akamwambia kwamba lile swali lake la siku ile litajibiwa leo kabla ya jioni, na aliye na haki ya kulijibu. Mzee aliwatazama wote wawili. Alimtazama Leokadia zaidi. Alipokea salamu.

Kituoni Leokadia alikataa kuanza na maelezo. Alikuwa ameandika maelezo ya watu miaka thelathini na alijua jinsi maneno yanavyovutwa huku na huko. Alimwambia Inspekta Nyamizi achukue mate yake kwanza, ayalinganishe na zile nywele. Inspekta alimtazama kwa muda, akatazama nguo ya kanisani ya Ma Eustokia, akafungua kifurushi cha vijiti vya pamba. Leokadia alifungua mdomo na kufumba macho.

Pambanuzi ilikuwa chumba cha nyuma, kubwa kama jokofu. Ilivuma kwa muda wa chai moja, chai ambayo hakuna aliyeinywa. Inspekta alirudi akiwa na karatasi na uso wa mtu ambaye hesabu yake imemgeuka.

"Nywele ni za mwanao," alimwambia Leokadia. Kisha akamgeukia Ma Eustokia. "Na damu ni ya wako. Hilo halikubadilika. Kwa hiyo wawili wangu bado ni wawili."

"Ni mmoja," alisema Leokadia.

Akaeleza kuhusu kitovu. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na tarehe, kama karani. Inspekta aliacha kuandika katikati, akaanza tena. Alisema orodha ya watoto waliopewa damu ya kitovu ilifungwa kwa sheria ili wasibaguliwe kwenye ndoa na kazi. Hata angeomba asingefunguliwa, na wala hakuwaza kuomba. Alisema kwamba atakwenda kwa hakimu mwenyewe kesho kuomba Muganyizi aachiwe. Halafu akawa anageuza kalamu. Ma Eustokia alidhani anafikiria watu wangapi wengine Pambanuzi imewapeleka jela kwa damu waliyomgawia mgonjwa wasiyemjua. Labda alikuwa anafikiria hilo.

"Naomba jina lake," Inspekta alisema.

Ma Eustokia aliinuka, kwani sehemu hii aliapa kutokuwamo. Leokadia alimshika mkono wa nguo bila kumtazama, akamrudisha kitini.

"Respicius Rutaihwa," alisema. "Amekwenda upande wa Mutukula, mpakani, nadhani. Anaye rafiki kule. Amevaa koti la kijivu linalombana. Ni mtu wa kutetemeka akishtuliwa, msimshtue. Mkimpata, mwambieni aliyemtaja ni mimi. Msimwambie ni huyu."

Inspekta aliandika yote, hata lile la kutetemeka.

"Ana alama yoyote mwilini? Kovu?"

Leokadia alifikiri. Ma Eustokia aliuona mkono wake ukilegea kwenye nguo, kidole kimoja kimoja.

"Kiganja cha kushoto," alisema. "Aliniambia ni panga. Nilimfunga kidonda mwenyewe."